Kratoni, Yaani Gamba Thabiti

Atakaye kulifasiri kwa Kiswahili neno kratoni, ambalo Leopold Kober aliliasisi kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nguvu na Hans Stille akalifupisha, hushawishika upesi kuliita "gamba la kale", kwa sababu ukale ndiyo sifa idhihirikayo kwanza: miamba ya Geita, ambayo wachimbaji huifuata ndani ya maduara na kuisaga kwa karasha ili waipate dhahabu, ina umri ukaribiao miaka milioni 2,700, nayo ni sehemu ya Kratoni ya Tanzania, iliyoenea toka kusini mwa Ziwa Victoria, kupitia Shinyanga, hata Dodoma.

Umri huo haukukisiwa. Katika matale mna chembe ndogo mno za zirkoni, ambazo zinapoganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka huipokea urani na kuikataa risasi; basi risasi ionekanayo humo baadaye ni zao la urani iliyooza, na urani ya 238 huchukua miaka milioni 4,470 hata nusu yake igeuke. Ipo na urani ya 235, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 704 tu, na tarikhi hizo mbili zikiafikiana, mtaalamu hupata yakini.

Lakini zirkoni hizohizo ndizo zinazonizuia kuliridhia jina la gamba la kale. Mashariki ya Dodoma, katika Ukanda wa Msumbiji ambao Arthur Holmes aliubainisha mwaka 1951, hupatikana chembe ambazo kiini chake kina umri uleule wa Kratoni, ilhali ganda lake la nje liliota baina ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana na miamba ikaokwa upya. Nasaba ni moja na ukale ni mmoja. Kilichozitenga nchi hizi mbili ni kwamba moja ilisalimika na nyingine ikafinyangwa tena. Kwa hiyo fasiri iliyo sahihi, kwa rai yangu, ni gamba thabiti.

Mwadui ya Shinyanga, ndani ya Kratoni, alikogundua almasi Dkt. John Williamson mwaka 1940, yaishuhudia rai hii. Almasi huumbika kina kipitacho kilomita 150, penye mzizi wa bara ulio mnene na usio na joto jingi, na volkano iliyozipandisha Mwadui, miaka milioni 50 hivi iliyopita, iliukuta mzizi huo ungali mahali pake.