Mwalimu, Fundi na Jeraha la Mwanafunzi: Dhima ya Shule katika Sheria ya Kongo tangu 1888

Tarehe 30 Julai 1888 Mfalme Leopold II, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, alitoa amri juu ya mikataba na wajibu. Amri hiyo ndiyo Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, ambacho mahakama za Kongo hukitumia hadi leo. Vifungu vyake juu ya madhara vilifuata kwa karibu sana Sheria ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyotumika pia Ubelgiji. Hivyo mtoto avunjikaye mkono katika uwanja wa shule mjini Lubumbashi huamuliwa kwa maneno yaliyotungwa zama za Napoleon.

Kifungu cha 260 humweka mwalimu bega kwa bega na fundi: mmoja hujibia madhara yatendwayo na wanafunzi wake, mwingine yale ya wanagenzi wake, muda wote wawapo chini ya uangalizi wao. (Kiswahili hakioni ajabu hapo, kwani fundi na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja.) Mwanafunzi akimjeruhi mwenzake, mwalimu hudhaniwa kuwa na kosa, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakuweza kulizuia tendo hilo. Kwa mwenye darasa lililofurika watoto, huo ni mzigo mzito. Ufaransa yenyewe iliutambua ukali huo: sheria ya 20 Julai 1899 iliiweka Serikali mahali pa mwalimu wa shule ya umma, na ile ya 5 Aprili 1937 ikamtaka mdai athibitishe kosa la mwalimu. Nafuu hiyo haikuingizwa katika amri ya 1888.

Hata hivyo si kila jeraha liingialo katika kifungu hicho. Ukuta ukimwangukia mtoto kwa kutotunzwa au kwa ubovu wa ujenzi, hutumika kifungu cha 262, kimhusucho mwenye jengo. Mtoto akianguka peke yake, mzazi hurudi kwenye vifungu vya 258 na 259, na hapo yeye ndiye mwenye kuthibitisha kosa au uzembe.

Lililo gumu zaidi ni kujua wa kushtakiwa. Kifungu kile kile cha 260 humfanya mwajiri ajibie madhara ya mwajiriwa wake kazini, wala hakimwachii mlango wa kutokea aliopewa mwalimu. Zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na mwajiri alijulikana. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Zaire ilizitaifisha; kisha mapatano ya 26 Februari 1977 yakayarudishia makanisa usimamizi, mishahara ikibaki juu ya Serikali. Tangu hapo mwalimu wa shule hizo ana mabwana wawili. Serikali yaweza kusema kwamba kanisa ndilo liongozalo kazi, nalo kanisa likaonyesha orodha ya mishahara. Na wakati wa mabishano hayo, gharama za hospitali hubaki mikononi mwa mzazi.