Ziwa la Furu na Suala la Asili ya Spishi

Jioni ya tarehe 1 Julai, mwaka 1858, katika kikao cha Jumuiya ya Linnean mjini London, walisomewa wanachama maandiko ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyehudhuria: Charles Darwin, aliyekuwa nyumbani kwake katika msiba wa mwanawe mchanga aliyefariki siku tatu kabla, na Alfred Russel Wallace, ambaye alikuwa mbali katika visiwa vya Mashariki akikusanya ndege na wadudu, wala hana habari kwamba waraka wake unasomwa. Neno la maandiko hayo lilikuwa moja: kwamba aina za viumbe hazikuwekwa kila moja peke yake zikadumu hivyo dahari na dahari, bali hutokana na nyingine zilizozitangulia, kwa kugeuka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Agosti, John Hanning Speke, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wake, alipanda kilima karibu na Mwanza akaliona lile ziwa liitwalo leo Victoria, ambalo Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora, alikuwa amekwisha kumpa habari zake, na ambalo wenyeji wa kandokando yake walilivua tangu zama zisizohesabika. Mambo haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote siku ile, na ilipita karibu karne nzima kabla ya wataalamu kutambua kwamba maji ya ziwa lile yalikuwa na jawabu la suala ambalo Darwin mwenyewe aliliacha nusu.

Fikira ya kuwa viumbe hugeuka haikuzaliwa siku moja. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kwa urefu katika Kitab al-Hayawan jinsi wanyama wanavyoliana, na jinsi kila mmoja anavyohitaji hila ya kutafuta riziki na hila ya kumkimbia anayemtafuta yeye. Na wako wasomaji wa zama zetu waliodai kwamba nadharia yote ya Darwin imo humo. Mimi naona kwamba kumzidishia mwanachuoni yule maneno ambayo hakuyasema si kumheshimu, kwani heshima yake ni kuwa alitazama viumbe kwa jicho la makini katika wakati ambao wengi walitosheka na kusimuliwa. Mfaransa Lamarck alitoa mwaka 1809 nadharia iliyotimia ya mageuko, lakini sababu aliyoitaja, kwamba kiungo kitumiwacho hukua na ukuaji huo ukarithiwa na watoto, haikupata ithibati.

Darwin alifika visiwa vya Galapagos mwaka 1835, na huko naibu wa gavana akamwambia kwamba yeye akiletewa kobe aweza kujua ametoka kisiwa gani. Neno hilo Darwin hakulitilia maanani upesi. Alikuwa amewawekea alama ya kisiwa wale ndege waigao sauti za wenzao, lakini ndege wadogo wala mbegu aliwachanganya pamoja, na hata aliporudi Uingereza ndipo John Gould, fundi wa kutambua ndege, alipombainishia mwaka 1837 kwamba wale aliowadhania ni wa namna mbalimbali zisizohusiana walikuwa ni jamaa wa ukoo mmoja waliohitilafiana midomo. Wallace naye alifikia fikira ile ile ya Darwin kwa njia yake: alipokuwa akitetemeka kwa homa mwezi Februari 1858, akiwa katika visiwa vya Moluku, ambako ndiko asili ya mkarafuu wetu wa Unguja na Pemba, ilimjia fikira kwamba wanaozaliwa ni wengi kupita wanaoweza kuishi, na kwamba wanaosalia ni wale waliojaliwa tafauti ndogo inayowafaa mahali walipo. Waraka alioutuma kwa Darwin kutoka Ternate ndio uliosomwa London.

Hapa ndipo penye tatizo ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulitazama. Kitabu cha Darwin cha mwaka 1859 kilieleza kwa dalili nyingi namna kiumbe kimoja kinavyogeuka kikawa kingine, walakini hakikueleza kwa kutosheleza namna kimoja kinavyopasuka kikawa viwili. Kugeuka na kugawanyika si jambo moja. Iwapo samaki wote wa ziwa moja huoana wao kwa wao, basi kila tafauti njema izukayo kwa mmoja itachanganyika katika damu ya wote, na samaki wote watageuka pamoja wakabaki umma mmoja. Basi ni nini kinachowatenga hata nusu yao wakashika njia yao na nusu nyingine njia yao, na wakikutana tena wasitambuane kuwa ni ndugu?

Jawabu la kwanza lililo thabiti lilitoka Afrika, ingawa si ya kwetu. Mjerumani Moritz Wagner, aliyesafiri Algeria, aliwatazama mbawakawa wasioweza kuruka wa ukanda ulio baina ya milima ya Atlas na bahari, akaona kwamba kila avukapo mto hukuta ng'ambo yake aina nyingine, iliyo jirani sana na ile aliyoiacha lakini si ile. Mbawakawa asiye na mbawa za kumfaa hawezi kuvuka mto. Na wale wachache waliovushwa kwa bahati wakabaki ng'ambo wamekatika na wenzao. Wagner akashika neno kwamba bila ya kutengwa na ardhi hakuna spishi mpya, naye Darwin akamkubalia kuwa kutengwa kuna faida kubwa, illa akakataa kwamba ni sharti lisilokuwa na budi. Hitilafu hiyo ya watu wawili ilirithiwa na vizazi vitatu vya wanazuoni.

Nayapita kwa haraka yaliyofuata: kanuni za urithi za Mendel, zilizolala miaka thelathini na mitano hata zikafufuliwa mwaka 1900, na kitabu cha Theodosius Dobzhansky cha 1937 kilichounganisha kanuni hizo na uteuzi wa asili, ile fikira ya Darwin na Wallace ya kusalia wanaofaa mahali walipo. Lakini Ernst Mayr hapitiki. Alipokuwa kijana alikwenda New Guinea mwaka 1928 kukusanya ndege, akakuta kwamba wenyeji wa milimani, ambao hawakupata kuona kitabu cha elimu ya viumbe, walikuwa na majina 136 ya ndege mahali ambapo yeye kwa ujuzi wake wote alihesabu aina 137. Akatoka huko na yakini kwamba spishi si mgawanyo uliobuniwa na wenye vitabu, bali ni kitu kilichomo katika maumbile yenyewe; na katika kitabu chake cha 1942 akaieleza kuwa ni jamii ya viumbe wazaanao wao kwa wao na waliotengwa kiuzazi na jamii nyingine. Akasisitiza, kama Wagner, kwamba mtengo huo huanza na kizuizi cha ardhi: mlima, mto, jangwa au bahari.

Na sasa turudi ziwani. Furu ni samaki mdogo, aghalabu hapiti urefu wa kiganja, mwenye miba mgongoni na nyama kidogo. Mvuvi wa Mwanza humkausha au humtumia kuwa chambo, na wanunuzi hawamtafuti kama wamtafutavyo sato. Wavuvi hutambua kwamba furu si wa namna moja, na wale wakaao miambani huwaita mbipi, lakini sokoni wote ni fungu moja. Mtaalamu akiwapanua vinywa ndipo astaajabupo. Mmoja ana meno mafupi yaliyopangika kama msasa, ya kukwangulia mwani juu ya mawe. Mwingine, ambaye kwa nje hutofautiana na huyo kidogo tu, ana kooni taya za pili, maana samaki hawa wote wana taya kinywani na taya nyingine kooni, na taya zake hizo zina magego mapana ya kuvunjia makombe ya konokono. Wako walao uduvi, walao wadudu wa topeni, walao vidudu vinavyoelea majini, walao magamba ya wenzao, na walao samaki wazima. Na kwa kuwa mama furu hulea mayai yake na watoto wake ndani ya kinywa chake, wako furu ambao riziki yao ni kumshambulia mama huyo wakamtapisha wale wanawe. Spishi zake hukadiriwa kupita 500, na zote, isipokuwa chache mno, hazipatikani pengine duniani ila katika ziwa hili na maji yaliyo jirani nalo.

Michael Graham alilipima ziwa kwa ajili ya uvuvi katika miaka ya 1927 na 1928, na mwaka 1947 kikaanzishwa Jinja kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika ya Mashariki. Hapo ndipo Humphry Greenwood alipoifanya kazi iliyomchukua aushi yake ya kuwapambanua furu mmoja mmoja. Swali lake lilikuwa lile lile la Wagner: ziwa halina milima wala majangwa ndani yake, basi nani aliwatenga? Ushahidi wake bora aliupata Nabugabo, ziwa dogo la Uganda, lililokatwa na ziwa kubwa kwa ukanda wa mchanga miaka ipatayo 4,000 iliyopita; humo alikuta aina tano za furu zisizokuwako ziwa kubwa, lakini kila moja ikiwa na jamaa yake wa karibu huko. Miaka 4,000 katika mageuko ni kitu kidogo mno, na hata hivyo ilitosha. Greenwood akaona kwamba huenda ziwa kubwa nalo lilikuwa zamani maziwa madogo madogo, yakazaa kila moja furu wake, kisha yakaungana.

Maelezo hayo yalikuwa mazuri, na yangalitosha, lau si tope la chini ya ziwa. Victoria ni ziwa pana lakini si la kina. Penye kina kirefu hapapiti sana mita 80. Mwaka 1996 watafiti waliochimba mashapo yake walitangaza kwamba chini ya tope la ziwa la leo ipo ardhi iliyopata kuwa kavu, yenye mizizi midogo ya mimea, na kwamba maji yalirejea kati ya miaka 12,000 na 15,000 iliyopita. Ikiwa ziwa lilikauka, basi mamia ya spishi yamezuka katika muda ambao Mayr asingekubali kuwa unatosha kuzaa hata chache, na yamezuka humo humo, bila ya mlima wala mto wa kuwagawa. Wako waliokataa kukauka huko, wako waliosema kwamba furu walisalia mitoni na mabwawani. Na mabishano yalikuwa makali, kama yastahilivyo kuwa katika jambo kubwa.

Fumbo likafunguka upande wa Mwanza, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wakifanya kazi tangu 1977. Penye visiwa vya mawe, kama Makobe, huishi furu wawili walio jamaa wa karibu sana, ambao elimu imewapa jina la ukoo Pundamilia kwa sababu ya mistari yao: wa kwanza ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya samawati iliyoiva, na wa pili, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike ya wote wawili ni ya rangi iliyofifia, wala si rahisi kuyatofautisha. Wa samawati hukaa juu, karibu na uso wa maji. Mwekundu hukaa chini zaidi, ambako nuru ya samawati haifiki vyema na inayobaki ni nyekundu na manjano. Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba macho yao yamehitilafiana kufuata nuru ya mahali pao, na kwamba jike hulichagua dume ambalo jicho lake huliona vizuri. Kizuizi kilichotafutwa milimani na mitoni kilikuwa ndani ya jicho la samaki.

Walijaribu jambo hili kwa njia iliyo wazi kabisa. Waliwatia majike ndani ya matangi pamoja na madume ya namna zote mbili. Chini ya nuru nyeupe kila jike lilimwelekea dume wa aina yake. Ilipowashwa taa ya rangi moja tu, ambayo haibainishi wekundu na usamawati, uchaguzi wao ukapotea. Na ziwa lenyewe limetoa ushahidi huo huo kwa gharama kubwa: karibu na kisiwa cha Luanso, ambako maji ni machafu kwa tope na mwani, hawapo furu wawili, bali yupo mmoja, mwenye rangi zilizo kati na kati.

Huzuni yangu yaanzia hapo. Graham alikwisha kuonya kwamba kumleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari isiyo na kifani, na Geoffrey Fryer aliyapinga mapendekezo ya kufanya hivyo kwa maandishi mwaka 1960; lakini samaki huyo, sangara, alikwisha kutiwa ndani katika miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akalijaza ziwa. Furu, waliokuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini, wakawa karibu na si kitu, na wakati huo huo misitu iliyofyekwa na taka za mashamba na miji zikayafanya maji kuwa ya kijani yasiyopenya nuru. Spishi zipatazo 200 hazikuonekana tena. Nyingine zililiwa, nyingine, kwa jinsi tulivyoona Luanso, zilichanganyika tu zikaacha kuwako, bila ya samaki hata mmoja kufa.

Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba vya furu ulidhihirisha jambo lililowapatanisha waliokuwa wakibishana: kwamba babu wa furu wa eneo hili walitokana na mchanganyiko, uliotukia miaka 150,000 hivi iliyopita, wa koo mbili zilizokuwa zimefarikiana muda mrefu, moja ya maji ya Kongo na nyingine ya mto Nile wa juu, na kwamba tafauti za macho zilizowagawa baadaye ziliingia kwa mchanganyiko huo. Ziwa lilipojaa, akiba ya hitilafu ilikuwa tayari imo, wala haikuwapasa kungoja ibuniwe upya. Na furu walao vidudu, ambao sangara alipopungua kwa kuvuliwa sana walianza kurudi katika ghuba ya Mwanza, si wale walioondoka: matamvua yao yamekua kufuata maji yaliyopungukiwa na hewa, na sasa hula uduvi na wadudu wakubwa ambao zamani hawakuwagusa.