Ukaidi Uliopitiliza: Jina la Tatizo na Mvutano Wake

Mtoto wa Mwenge, Dar es Salaam, akitumwa dukani akajibu, “Kwani mimi tu?”, hupewa majina kabla hajafika mlangoni: jeuri, mjuaji, kichwa kigumu. Wataalamu wa afya ya akili wanalo jina lao, “oppositional defiant disorder”, ambalo kwa kifupi huandikwa ODD. Liliingia katika mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, likitaja upinzani tu. Ukaidi uliongezwa 1987.

Toleo la tano la mwongozo huo, la 2013, lina dalili nane katika mafungu matatu: hasira za mara kwa mara, ubishi na ukaidi, na visasi. Mtoto awe nazo angalau nne, kwa muda usiopungua miezi sita, na katika anaowafanyia hayo awemo hata mmoja asiye ndugu yake wa kuzaliwa. Kugombania rimoti na kaka hakutoshi.

Wanaolitetea jina husema linamwokoa mtoto na fimbo: badala ya kumchapa, familia hufundishwa namna ya kuweka masharti na kusifu jema. Wanaolipinga hujibu kwamba mkubwa ndiye mlalamikaji, tena ndiye shahidi. Kwa mwongozo huohuo, mtoto anayekaidi nyumbani tu, huku shuleni ni mtiifu, bado anaweza kupewa jina hilo kwa daraja la chini. Hapo mwenye tatizo ni mtoto au ni nyumba?

Swali hilo linatuhusu. Tobias Hecker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania. Karibu wote waliwahi kuchapwa, nyumbani na shuleni, na kadiri kipigo cha nyumbani kilivyozidi ndivyo tabia za ugomvi na utukutu zilivyozidi. Utafiti wa aina hiyo hausemi kipi kilitangulia, fimbo au ukaidi, lakini unatosha kumfanya daktari aulizie fimbo kwanza.

Kwa Kiswahili tuiiteje hali hii? “Ugonjwa wa ukaidi” unamtwika mtoto peke yake jambo la watu wawili. “Upinzani” umeshachukuliwa na vyama vya siasa. “Ukaidi sugu” unavutia, maana sugu hubeba muda, kama katika kikohozi sugu. Ila tunasema pia mhalifu sugu, na mtoto wa miaka saba hastahili kuanza shule na sifa hiyo.

Napendekeza “tatizo la ukaidi uliopitiliza”. Abiria wa kushuka Mwenge akisinzia kwenye daladala hupitiliza kituo. Pasipo kituo hakuna kupitiliza. Kwa hiyo anayemwandikia mtoto jina hili sharti kwanza aeleze ukaidi wa kawaida wa umri huo ni upi, kisha aonyeshe umepitilizwa wapi, kwa nani na kwa muda gani. Akishindwa, aandike tu alichokiona na aache jina.