Pia ya Kupenya Magugu

Nilipoombwa kutafsiri maandishi ya nyuma ya pakiti ya chambo kutoka Marekani, niliandika bila kusita: "chambo kisicho na magugu". Pakiti yenyewe ilisema weedless in-line spinner, nami nikaenda neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Siku chache baadaye, ufukweni Naivasha, nikamsomea mvuvi mmoja mzee kazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani kuna chambo chenye magugu?"

Sikuwa na la kusema. Magugu yako ziwani, hayako kwenye chambo. Muuzaji hakuwa ananihakikishia kwamba bidhaa yake imeoshwa na kupepetwa kama mchele wa dukani. Alikuwa akisema kwamba ukiitupa katikati ya magugu na kuivuta, itarudi mkononi mwako bila kuburura shamba zima. Kiingereza kimelibana jambo hilo katika kijineno kimoja, -less mwishoni mwa weedless, na anayekijua Kiingereza cha wavuvi hahitaji kuelezwa. Sisi tukikihamisha kijineno hicho kama kilivyo tunabaki na maganda.

Tuanze na kitu chenyewe. Chukua waya mgumu usioshika kutu, mrefu kama kidole. Juu kuna tundu la kufungia mshipi, chini kuna ndoana. Katikati ya waya vimetungwa vitu kadhaa: shanga mbili tatu, kipande cha shaba au risasi cha kutia uzito kinachofanya kazi ya chubwi, na kikuku. Ndiyo, kikuku kile kile anachokanyagia mpanda farasi, ila hiki ni kidogo kama punje ya mtama na kimepitishwa kwenye waya kwa matundu yake mawili. Kikuku kinabeba bapa, kijibati chembamba kilichobonyea kidogo kama kijiko. Ukivuta mshipi, maji yanasukuma ndani ya ule mbonyeo, bapa linainuka na kuanza kuuzunguka waya kwa kasi. Chambo kizima ni hicho. Hakina ladha wala harufu, na ukikiweka mezani hakifanani na samaki yeyote.

Majini mambo hugeuka. Kila bapa likipita mbele ya jua humetameta mara moja, kama dagaa anayegeuza ubavu. Na kila mzunguko hupiga maji pigo dogo. Samaki ana mstari wa vihisio unaopita ubavuni kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, na kwa huo huhisi maji yanavyotikisika hata pasipo kuona. Ndiyo maana chambo hiki hufanya kazi hata maji yakiwa na tope. Umbo la bapa nalo lina kauli yake: la mviringo hufunguka mbali na waya, huzunguka polepole na kupiga maji kwa kishindo, lililo jembamba kama jani hulala karibu na waya, huenda mbio na kumetameta zaidi ya kutikisa. Mvuvi huchagua kulingana na maji: kwenye tope la mviringo, kwenye maji maangavu jembamba.

Sasa jina, yaani spinner. Kamusi za harakaharaka zitakupa "kizungushaji", ambalo si kosa la sarufi lakini ni kosa la kazi, maana bapa halizungushi kitu, linazunguka lenyewe. "Kizunguzungu" tukiache kwa daktari. Nilifikiria pangaboi, kwa sababu mapanga yake huzunguka mhimili kama bapa linavyouzunguka waya. Lakini pangaboi ni zito, liko darini, na linaendeshwa na umeme. Mwishowe nilirudi kwenye mchezo wa utotoni: pia. Mtoto huivuta kwa uzi, nayo huzunguka. Fundi mkali atanipinga kwamba pia huzunguka yenyewe nzima na kwa ncha yake, ilhali hapa ni bapa tu linalozunguka. Kweli. Ila pia ina uzi, ina kuvutwa, ina kuzunguka kunakotokana na kuvutwa, na ina udogo wa kutosha mfukoni. Istilahi haidaiwi kuwa picha ya ukutani, inadaiwa ikumbukwe. Kuhusu kuchanganya na "pia" ya kuongeza jambo, sentensi itaamua yenyewe, kama inavyoamua kati ya kaa la moto na kaa wa baharini.

Neno la pili limewashinda wengi zaidi. In-line ukilitafsiri "ndani ya mstari" umepata maneno matatu na maana sifuri. Maana yake hujulikana pale tu unapoziweka aina mbili za pia pamoja. Kuna ile niliyoieleza, ambayo waya wake umenyooka: mshipi, bapa na ndoana vyote viko kwenye mstari mmoja. Na kuna nyingine ambayo waya wake umekunjwa kama pini ya nepi iliyofunguliwa, bapa likining'inia kwenye mkono wa juu na ndoana ikikaa kwenye mkono wa chini. Hiyo ya pili naiita pia ya pini. Ya kwanza basi ni pia nyoofu, na tofauti hiyo si ya sura tu. Pia nyoofu, kwa kuwa kila kitu chake kinazungukia waya mmoja, ina tabia ya kuusokota mshipi. Ukiitupa mchana kutwa bila kuweka kiungio kinachozunguka baina yake na mshipi, jioni utakuwa na kamba ya kufungia mbuzi.

Ukoo wa vyambo hivi ni wa Wamarekani na Wafaransa. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852, na husimuliwa kwamba wazo lilimjia pale kijiko chake cha chakula kilipodondoka majini na samaki akakidaka. Kisa kitamu mno kuaminika moja kwa moja, lakini jina la kijiko limedumu. Pia nyoofu ilipata umaarufu kutoka Ufaransa, ambako mhandisi André Meulnart alianzisha kampuni ya Mepps mwaka 1938. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia ikavuka bahari na kuenea kwenye mito na maziwa ya Marekani.

Pia hizo za mwanzo zilibeba ndoana ya ncha tatu, na hapo ndipo magugu yanapoingia. Ndoana ya ncha tatu ni nzuri kwenye maji matupu, maana samaki akiuma upande wowote atakuta ncha. Kwenye magugu ni reki. Na samaki anayetafutwa hapa hapendi maji matupu. Besi, niruhusu nimwite hivyo kwa sasa, ni mvizia. Hujibanza pembeni ya majani, chini ya gogo, kwenye kivuli cha yungiyungi, na kusubiri mawindo yapite. Mvuvi akikwepa magugu, amemkwepa samaki.

Naivasha inalieleza jambo hili kuliko kitabu. Besi waliletwa pale kutoka Marekani mwaka 1929. Mwaka 1970 wakafuata kamba wa maji baridi, asili yao Louisiana, na besi wakawafanya chakula. Kisha magugumaji kutoka Amerika Kusini yakaonekana ziwani mwaka 1988, yakajiunga na magugu mengine ya kigeni yaliyotangulia. Samaki mgeni, chakula chake kigeni, maficho yake ya kigeni; wenyeji ni maji na mafunjo. Kwa hiyo chambo kilichobuniwa kwa maziwa ya Wamarekani kinakuta pale shida ile ile ya nyumbani kwao, na yule mzee aliyeniuliza swali alikuwa na haki zote za kuuliza.

Je, pia hupenya vipi? Kwanza, ndoana ya ncha tatu huondolewa na kuwekwa ya ncha moja, inayosafiri ikiwa imeelekeza ncha juu. Pili, ncha hiyo huwekewa kinga. Wengine hutumia kijiwaya chembamba kinachotoka kichwani mwa ndoana na kukaa mbele ya ncha. Wengine huvalisha ndoana mnyoo au kisamaki cha mpira laini, kisha wakaizamisha ncha ndani ya mpira huo. Shina la gugu likigusa kinga, huteleza na kupita. Taya za samaki zikifumba, kinga hulala na ncha ikajitokeza.

Ugumu wote uko kwenye kipimo hicho. Kinga ikiwa laini mno, gugu la kwanza linaibonyeza na ndoana inashika majani. Ikiwa ngumu mno, samaki anauma, anaonja chuma, anatema. Ndiyo sababu mvuvi wa pia hizi hulazimika kukaza mshipi kwa nguvu zaidi anapohisi samaki ameuma, kuliko anayetumia ndoana iliyo wazi. Na bado kuna mahali ambapo hakuna kinga: kikuku. Uzi mmoja tu wa majani ukijiviringisha pale, bapa linasimama, na kuanzia hapo unavuta kipande cha chuma kilichokufa. Hakuna pia isiyoshika magugu kabisa, kwa hiyo jina linaloahidi hivyo linaahidi kupita kiasi.

Baada ya aibu yangu ya Naivasha nilijaribu "pia isiyonasa magugu". Karibu nitosheke, kisha nikasikia kasoro yake. Kunasa kwetu ni kitendo chenye pande mbili: mtego umenasa ndege, na ndege amenasa mtegoni. Kwa mvuvi, kunasa ndiyo riziki. Na kwa kuwa watu hukata majina marefu, muda si mrefu neno "magugu" lingedondoka na tungebaki na "pia isiyonasa". Nani atatoa fedha yake kununua chambo kisichonasa? "Isiyokwama" ina nafuu, lakini yabaki jina la kukanusha, linalokuambia kitu kisichotokea badala ya kinachotokea.

Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kuita vyombo: kwa kazi. Kipima joto hakikuitwa kitu kisichokosea joto. Kipaza sauti hupaza, kinasa sauti hunasa. Chombo chetu hupenya. Hivyo nimeandika pia nyoofu ya kupenya magugu, na pale nafasi inapokuwa finyu, pia ya kupenya. Jina hilo haliahidi kwamba hutakwama kamwe. Linataja kazi.

Nimebakiza deni la samaki. Waimbaji wa kwaya wanalijua "besi" kwa sauti nzito, na Kiingereza huandika samaki na sauti kwa herufi zile zile, bass, ingawa hutamka tofauti. Kumwita sangara ni kosa, maana sangara ni ukoo mwingine kabisa. Wataalamu nao hawakuwa na bahati. Mfaransa Lacépède alimpa jenasi jina Micropterus mwaka 1802, yaani pezi dogo, kwa sababu samaki aliyekuwa mbele yake alikuwa na pezi la mgongoni lililoharibika, naye akadhani ndivyo alivyoumbwa. Jina la pili lililozoeleka, salmoides, linamfananisha na samoni, ambaye si ndugu yake. Huyu asiye na pezi dogo wala usamoni amefika ratili 22 na wakia 4, yapata kilo 10: George Perry alimvua wa uzito huo Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia rekodi hiyo Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Ikiwa sayansi imeishi na kosa la pezi kwa zaidi ya miaka 200, nasi tunaweza kuishi na besi.

Pakiti sasa inasomeka sawasawa: bapa, kikuku, ushanga, kinga, ndoana ya ncha moja. Sehemu moja imenishinda, nayo ni kile kiungio kinachozunguka kuzuia mshipi usisokotwe. Wavuvi wa mshipi wa Lamu, Pemba na Mafia wanakifunga kila wiki, na sidhani kama wanakiita kwa maneno mengi kama ninavyokiita mimi. Msomaji unayelijua jina lake, tafadhali liandike ulilete.