Kurudi Japani peke yako, kama mtoto wa Likasi



Mwaka jana rafiki yetu mmoja tuliyesoma naye agronomia alipata burse ya mafunzo mafupi ya kilimo, akaenda Japani pamoja na kundi. Aliporudi Likasi alituonyesha picha kwenye simu: Tokyo usiku, mlima Fuji, mahekalu ya Kyoto. Nikamuuliza, "Na Hiroshima, mulifika?" Akajibu, "Tulipita paka na treni. Programu haikukuwa na nafasi." Sasa anapanga kurudi peke yake, kwa akiba yake mwenyewe. Aliniomba nimpangie miji ya kuona, juu anajua napenda historia kuliko yeye. Kisha akaongeza swali moja ambalo lilininyima usingizi: "Nikisema natoka Likasi, na wanajua Shinkolobwe, niombe musamaha?"

Nilianza kumwandikia jibu fupi, likawa refu. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine wanaotafuta burse za kule.

Tuanze na jiwe, kwa sababu lilifika Japani kabla yetu. Kutoka Likasi mpaka Shinkolobwe ni kama kilomita 20. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyefanyia kazi Union Minière du Haut-Katanga, aligundua pale uraniumu. Mwaka 1921 uchimbaji ulianza. Wakati ule watu walitafuta radiumu ndani ya jiwe lile, dawa ya kansa yenye bei kubwa sana. Jiwe lilipelekwa kiwanda cha Olen, kule Ubelgiji. Uraniumu yenyewe ilikuwa karibu takataka, watu waliitumia kupaka rangi vioo na vyombo vya udongo.

Mambo yaligeuka mwaka 1939. Barua ambayo Albert Einstein alitia sahihi tarehe 2 Agosti, kwa rais Roosevelt wa Marekani, ilisema wazi kwamba chemchemi kubwa ya uraniumu iko Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma New York zaidi ya tani 1,000 za jiwe la Shinkolobwe, yakawekwa ndani ya mapipa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 koloneli Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimtembelea ofisini, na mapatano yakafanyika siku ileile. Wamarekani walishangaa: jiwe la kwetu lilifikia hata asilimia 65 ya oksidi ya uraniumu, wakati kwenye migodi mingine hata asilimia moja ilikuwa bahati. Kisha wanajeshi wao walisaidia kufungua tena mgodi uliojaa maji. Jiwe lilipanda treni mpaka Port-Francqui, ile tunaita leo Ilebo, likashuka na boti mpaka Léopoldville, halafu treni tena mpaka Matadi, halafu bahari.

Uraniumu nyingine ilitoka Kanada na Marekani kwenyewe. Yote ilichanganywa viwandani, hakuna anayeweza kutenga gramu kwa gramu. Lakini sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe. Na kazi ilikuwa ya siri: hata wafanyakazi wengi wa viwanda vya Marekani hawakujua wanatengeneza nini. Sembuse baba aliyekuwa anabeba jiwe lile na mikono yake karibu na Jadotville.

Sasa tuingie safarini. Miji yote ninayotaja hapa, ukitoka Tokyo, inafuatana kuelekea magharibi kwa treni ya mwendo kasi, Shinkansen.

1. Kyoto

Rafiki yetu alishafika pale, lakini namwambia arudi, na safari hii aangalie kwa macho mengine. Mei 1945 kamati ya Wamarekani iliyochagua miji ya kupiga iliweka Kyoto kwenye orodha. Mtu aliyeiondoa ni Henry Stimson, waziri wa vita. Alikuwa ameshaitembelea Kyoto miaka ya 1920, alijua ni mji wa mahekalu na historia. Sababu zake hazikuwa za huruma tupu: aliogopa pia kwamba Wajapani hawangesamehe kamwe, wakaenda upande wa Warusi. Majenerali walirudisha jina la mji ule mara kadhaa, yeye akakataa, na Julai rais Truman akakubaliana naye. Nafasi kwenye orodha ikachukuliwa na Nagasaki.

Basi ukikaa kwenye bustani ya hekalu pale, fikiri hivi: mtu mwenye nguvu alikuwa ameuona mji huu kwa macho yake, na hiyo ilisaidia kuuokoa. Kuna miji ambayo hakuna mwenye nguvu aliyeiona.

2. Hiroshima

Hapa usilale siku moja, lala tatu. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi, bomu lenye karibu kilo 64 za uraniumu lililipuka juu ya mji. Kati ya kilo zile, haikufika hata moja iliyopasuka kweli. Hiyo ilitosha. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa.

Utaona jengo moja lenye kuba la vyuma tupu, watu wote wanalipiga picha. Lilijengwa mwaka 1915, lilikuwa nyumba ya maonyesho ya bidhaa. Angalia mwaka ule: ni uleule ambao Sharp aligundua Shinkolobwe. Mwaka 1996 UNESCO iliweka jengo lile kwenye urithi wa dunia.

Panda tramu. Siku tatu tu baada ya bomu, sehemu ya njia ilikuwa inafanya kazi tena, na hata leo kuna gari za tramu zilizopona siku ile ambazo bado ziko barabarani.

Halafu sisi watu wa udongo tuna kazi yetu pale. Baada ya bomu habari ilienea kwamba hakuna kitu kitaota kwa miaka 75. Lakini majani yaliota, na maua ya oleanda yakafunguka. Leo oleanda ndiyo ua rasmi la mji. Ndani ya kilomita mbili kutoka katikati ya mlipuko kuna miti kama 160 iliyopona, kila mmoja na kibao chake. Mingine ni ginkgo: shina liliungua, mizizi ikabaki chini ya udongo, ikachipua. Mbegu za miti ile zinatumwa kupandwa inchi mbalimbali. Mimi niliyeandika kazi ya lisanse juu ya udongo wa karibu na migodi, ambapo mimea michache sana inakubali kuishi na shaba nyingi, ningetembea siku nzima kusoma vibao vile.

Na kuna jambo moja usiache. Kati ya waliokufa pale, maelfu walikuwa Wakorea, wengi waliletwa kufanya kazi kwa nguvu. Mnara wao wa ukumbusho ulijengwa mwaka 1970, lakini nje ya bustani ya amani. Ilichukua mpaka mwaka 1999 kuuingiza ndani. Miaka karibu thelathini, ili kusogea mbele kidogo tu. Simama pale. Ni mfano wa watu waliosahauliwa katika hadithi ya wengine, kisha wakaidai nafasi yao polepole.

3. Kokura

Watalii wengi hawashuki hapa. Kutoka Hiroshima haifiki saa moja na Shinkansen, na leo Kokura ni sehemu ya mji wa Kitakyushu. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege yenye bomu la pili ilikuja hapa kwanza, juu ya kiwanda cha silaha. Ilizunguka mara tatu, mawingu na moshi vikaficha mji, ikaondoka. Hakuna kitu kikubwa cha kuona, na ndiyo sababu nakutuma: kunywa chai, angalia watu wanaenda kazini, kisha endelea.

4. Nagasaki

Ndege ile ilielekea Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu lilianguka juu ya bonde la Urakami, mahali penye Wakatoliki wengi kuliko popote Japani. Kanisa kuu lao lilivunjika, na mapadre na waamini waliokuwa ndani wakafa. Mpaka mwisho wa mwaka, waliokufa mjini walikuwa kama 74,000. Bomu hili lilikuwa la plutoniumu, lakini plutoniumu inatengenezwa kwa uraniumu, kwa hiyo njia inarudi kwetu vilevile. Kanisa limejengwa upya. Ukifika siku ya Mungu, ingia kwenye misa. Hutaelewa maneno, lakini utajua wakati gani wa kupiga magoti.

Sasa turudi kwa swali lake, la musamaha.

Kule Kanada, karibu na ziwa kubwa linaloitwa Great Bear, kuna watu wa asili, Wadene. Baba zao walibeba magunia ya jiwe la uraniumu bila kuambiwa ni la kazi gani. Mwaka 1998 wachache kati yao walisafiri mpaka Hiroshima kuonyesha huzuni yao kwa waliopona. Nilipojua habari hii nilifurahi, halafu nikaona haya. Kwetu ndiko uraniumu nyingi zaidi ilitoka, na sisi hata jina Shinkolobwe wengi tunalisikia paka juu ya wachimbaji.

Kule Japani, tangu mwaka 1957 sheria inawapa waliopona bomu matibabu, na kila mmoja ana kitabu chake. Mwaka 2024 muungano wao, Nihon Hidankyo, ulipata zawadi ya Nobel ya amani. Majina ya marehemu wa Hiroshima, zaidi ya 300,000, yanahifadhiwa chini ya mnara, na kila Agosti mengine yanaongezwa. Sengier naye alipata medali ya Marekani mwaka 1946, na aina moja ya jiwe ikaitwa kwa jina lake. Na baba zetu wa Shinkolobwe? Hakuna kitabu cha matibabu, hakuna mnara. Karibu na uhuru mgodi ulizibwa na saruji. Baadaye wachimbaji wa mikono waliingia kwa maelfu kutafuta kobalti. Januari 2004 rais aliufunga kwa amri; Julai ya mwaka uleule shimo lilianguka likaua watu wanane, na kijiji kikaondolewa. Mimi niliyezaliwa Likasi sijawahi kukanyaga pale. Ni rahisi zaidi, ukiwa na viza, kuona mahali jiwe lilipoangukia kuliko mahali lilipotoka.

Ndugu yangu, jibu langu ni hili. Musamaha unaombwa na aliyetenda. Baba wa Shinkolobwe hakuamua, hakuuza, hakujua. Lakini kuna neno tunalosema kwenye kilio hata kama hatuna kosa, hata kama marehemu hatukumjua: pole. Ukifika mbele ya mnara wa Hiroshima, inama kama wao, useme "poleni". Kama mzee wa pale akikuuliza unatoka wapi, usijibu "Kongo" kisha ukanyamaza. Sema Likasi, sema Shinkolobwe, na useme kwamba kule pia watu waliumia na hakuna aliyehesabu.

Na tafadhali usibebe jiwe la ukumbusho kutoka hapa, hata dogo. Ni hatari, na mawe yetu yamesafiri ya kutosha. Ukirudi, safari hii utuonyeshe picha ya ule mnara wa Wakorea. Nataka tuuangalie pamoja tukijiuliza wetu utasimama wapi.