Pesa ya Mizani

Niliuza sarafu ya susu kwa shilingi mia nane. Nasema niliuza mimi, kwa sababu nimewahi kusimulia hadithi hii mara mbili tatu nikisema "iliuzwa", kana kwamba ilijiuza yenyewe.

Ilitoka shambani kwake, upande wa juu wa Sultan Hamud, siku tulipokuwa tukirudisha mtaro wa fanya juu uliobomolewa na mvua ya Novemba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na begi moja na deni la karo ambalo sote pale nyumbani tulijua halitalipika, ingawa hakuna aliyesema. Jembe likagonga kitu. Jiwe lina sauti yake na mtu wa huku anaijua. Hii haikuwa ya jiwe. Nikainama nikaokota kitu cha duara, cha kijani kama bomba la maji la zamani, nikakisugua kwenye suruali. Upande mmoja kulikuwa na mizani, ile ya sahani mbili. Upande wa pili, maandishi ya Kiarabu.

"Weka," susu akasema, akaendelea kulima.

Kesho yake nikaipeleka mjini kwa mzee mmoja anayekaa nje ya duka karibu na msikiti. Akaigeuza juani, akaisogeza mbali na macho.

"Kijana, hii ni pesa ya Barghash. Unaona hapa chini ya mizani? Moja, mbili, tisa, tisa."

"Elfu moja mia mbili? Ina miaka mia nane, mzee?"

Akacheka. "Hiyo ni Hijria, baba. Kapige hesabu."

Nilipiga kwa simu. Hijria 1299 ni kama mwaka 1882. Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, na hizo pesa za shaba zenye mizani ndizo alizotengenezesha. Wiki mbili baadaye nikampata mnunuzi kwenye mtandao, tukakutana stage, nikashika mia nane. Nilinunua bundles na unga. Picha sikupiga. Uzito sikupima. Susu hakuniuliza, na hilo ndilo lililonikaa.

Sasa ngoja nieleze kwa nini sarafu moja ya shaba inaninyima usingizi, maana rafiki zangu wa Nairobi wananiambia, buda, ni mia nane tu.

Mji wetu ulianza kama namba. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ilipofika hapa, 1898, mahali hapa paliitwa Maili 250, basi. Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar akaja kuitazama reli ilipofikia, na Maili 250 ikapewa jina lake. Yule yule Hamud aliyetia sahihi amri ya 1897 ya kuondoa uhalali wa utumwa kisheria huko Unguja. Mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, 1901 ikafika ziwani. Watu kama 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga na karibu 2,500 wakafa. Hayo yote yako vitabuni.

Kisichokuwa vitabuni ni hapa penyewe. Kambi ya wajenzi ilikuwa upande gani wa reli? Walilipwa wapi, wakatumia wapi? Na kabla yao, misafara ya biashara iliyopita Ukambani ililala wapi? Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani miongo mingi kabla ya reli. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alimkuta Kivoi akiwa mfanyabiashara mkubwa tayari. Sarafu yangu ni ya 1882 hivi. Mji una umri wa 1898. Je, ilidondoka na msafara, kabla hata jina la Hamud halijasikika huku? Ililetwa na kibarua wa reli mfukoni, pamoja na rupia zake? Au ni ya mtu aliyefuatana na Sultani?

Ningeweza kukaribia jibu. Kina ilikolala, umbali kutoka relini, kama kulikuwa na shanga au waya wa shaba jirani yake, kama jirani wa susu naye amewahi kuokota nyingine. Sarafu moja inaweza kuwa ya mtu aliyetoboka mfuko. Kumi zikiwekwa kwenye ramani moja, na zote zikalala kwenye mstari mmoja unaokwepa reli, hapo umeona njia ya msafara.

Kuna nchi wanaofanya hivyo kila siku. Uingereza, mtu akipata ruhusa ya mwenye shamba, ananunua mashine ya kutambua chuma ardhini, anavaa headphones, anatembea kondeni Jumapili nzima. Kwa miaka mingi wanaakiolojia na watu hawa walichukiana. Kisha ikaja sheria mpya ya hazina ya 1996, iliyoanza kutumika 1997, na mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa Portable Antiquities Scheme. Dhahabu na fedha za zamani ni lazima kuripoti. Vingine vingi ni hiari: unampelekea ofisa wa eneo lako, anapima, anapiga picha, anaandika, na kwa kawaida anakurudishia kitu chako. Rekodi inaingia kwenye hifadhidata ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure, hata mimi nikiwa chini ya mwembe. Zimefika zaidi ya milioni 1.5. Mahali halisi pa kitu panafichwa kwa umma, unaona eneo la jumla tu, ili wezi wasiifanye ramani yao. Denmark nao wana yao, DIME, tangu 2018, ambapo mwokotaji anaingiza mwenyewe.

Usiku mmoja nilimaliza bundles nikisoma rekodi za vifungo. Vifungo vya nguo! Kipande cha bakoli ya mkanda, kimevunjika, gramu chache, kimepigwa picha mbele na nyuma kama mtu anayeomba pasipoti. Niliona wivu ambao siwezi kuutetea.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi si cha Uingereza. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akiwa ufukweni akaokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye mkebe. Zilikaa humo hadi 1979 alipotafuta mtu wa kuzitambua. Nne zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa hii yetu, ya Kilwa Kisiwani, iliyokuwa ikitengeneza sarafu za shaba zenye majina ya masultani wake karne kadhaa kabla ya Vasco da Gama. Zilifikaje Australia hakuna ajuaye. Ila watu wanaweza hata kulijadili swali hilo kwa sababu Isenberg alifanya jambo moja ambalo mimi sikufanya: aliweka alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza kikosi kurudi kule wakifuata X ile. Alama ya kalamu, na miaka karibu sabini baadaye watu wakapanda boti kwa ajili yake.

Sasa turudi nyumbani. Sitaki mtu anielewe vibaya, aingie Jumia kununua mashine aje kuchimbua Makueni. Kwetu sheria ni nyingine. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kutafuta vitu vya kiakiolojia bila leseni ni kosa, na kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi kunataka kibali. Naiunga mkono. Nchi ambayo vigango vya Wamijikenda viling'olewa vikauzwa ng'ambo haiwezi kuruhusu kila mtu na mashine yake.

Ila sheria hiyo ina mwaka ndani yake unaonichekesha na kuniudhi. Kitu cha kale, inasema, ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Huo ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Reli ilianza mwaka uliofuata. Kwa hiyo pesa yangu ya mizani, kama ililetwa na msafara, ilikuwa kitu cha kale kwa mujibu wa sheria; kama ililetwa na kibarua wa 1898, si kitu cha kale, ni shaba. Na ili kujua ni ipi kati ya hizo mbili, ungehitaji ile rekodi ambayo sikuiandika.

Maeneo yenyewe tunayaandika vizuri, tusijidharau. Makumbusho yetu hutumia mfumo wa herufi nne na namba kwa kila eneo la kiakiolojia. Mlima Lukenya, hapo tu ukienda Athi River, una maeneo yanayoanza na GvJm. Mradi wa MAEASaM, ambao Makumbusho ya Taifa ni mshirika wake, unatumia picha za setilaiti kuweka maeneo ya Afrika yaliyo hatarini kwenye hifadhidata. Lakini hayo ni maeneo. Setilaiti haioni kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda kwenye mtaro wa susu. Anayekiona ni mkulima, mchungaji, kijana wa kuchota mchanga. Na akishakiona, mfumo pekee wa kumbukumbu alio nao karibu ni kitabu cha mtu wa vyuma chakavu.

Sitanii. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi aweke kumbukumbu za anachonunua na nani amemuuzia. Kwa hiyo nilienda kwa mmoja hapa mjini, ambaye kazi yake ilisimama Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha biashara hiyo, na bado anaongea juu ya miezi ile kwa uchungu.

"Vitu vya reli sinunui," akaniambia kabla sijaketi. "Sitaki kesi."

"Siulizi vya reli. Nauliza vitu vya ajabu. Sarafu, bangili, mikufu ya shaba ya zamani."

"Zinakuja. Zinaingia na shaba nyingine." Akafungua kitabu. Tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kilo. Mistari na mistari ya kilo. "Hapa nimeandika shaba, kilo mbili nukta moja. Ndani yake kulikuwa na nini, nitakumbuka?"

Tumekubaliana kitu kidogo. Ameweka mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Kitu kikimshangaza anakitia humo badala ya gunia, anamuuliza aliyeleta kimetoka shamba la nani, anaandika pembeni mwa mstari. Mimi napita Jumamosi na simu na mizani ndogo ya jikoni. Napiga picha pande zote mbili, kando ya rula, namtumia mtu wa makumbusho ninayemjua. Jina la shamba halitoki nje ya daftari langu. Kufikia sasa mkebe una pete ya shaba iliyopinda, kipande cha kufuli, na sarafu moja ya senti kumi ya East Africa yenye tundu katikati, ambayo mtu wa vyuma anasema si ya ajabu ila ameipenda.

Rekodi namba moja kwenye daftari ni yangu. Sarafu, shaba, Zanzibar, Barghash, 1299. Kina: urefu wa jembe hadi kwenye mpini. Mahali: mtaro wa tatu kutoka mkuyuni, nilirudi na susu akanionyesha kwa fimbo, akasema si pale, pale. Uzito: tupu. Picha: tupu. Kilipo sasa: nimeandika jina la ile akaunti ya mnunuzi, ambayo nikiibonyeza haifunguki tena.