Kahawa Shambani, Chai Mezani: Zao na Kinywaji katika Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya uchumi wa Kilimanjaro imeandikwa kwa kiasi kikubwa kuwa historia ya kahawa. Hata hivyo, kinywaji cha asubuhi katika nyumba nyingi za Wachagga ni chai: ya rangi, ya maziwa, au maji yaliyochemshwa kwa mchaichai uliokatwa uani. Makala haya yanachunguza ni kwa nini zao la nyumbani lilisafirishwa ng'ambo, ilhali majani ya chai yalinunuliwa kutoka nje ya mkoa.

Mibuni ilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema mnamo mwaka 1898. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakulima wakaunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, kilichorithiwa na KNCU mwaka 1933. Chai nayo ilijaribiwa na Wajerumani huko Amani, ikaanza kuzalishwa kibiashara mwaka 1926, na kustawi Usambara, Mufindi na Rungwe.

Tofauti hiyo haielezeki kwa udongo na mvua peke yake. Rungwe pia ni mlima wa volkano, wenye mvua, migomba na hata kahawa. Lakini huko chai ilikita mizizi. Sababu yenye uzito zaidi imo katika usindikaji. Mkulima wa kahawa aliweza kuimenya kwa mashine ya mkono, kuiosha na kuianika katika kihamba chake, kisha kuihifadhi hadi siku ya kuiuza. Jani bichi la chai haliwezi kungoja. Sharti lifike kiwandani siku ileile. Kwa hiyo chai ilidai kiwanda na shamba kubwa kando yake, ambapo kahawa ilitosheka na kivuli cha migomba.

Siasa za soko ziliongeza kizuizi. Mwaka uleule wa 1933, wazalishaji wakuu wa Asia waliafikiana kupunguza mauzo ya chai duniani, na makoloni ya Afrika Mashariki yakakubali kuwekewa mipaka ya upandaji mpya. Hivyo, wakati ushirika wa kahawa ulipokuwa ukiimarika Moshi, mlango wa chai ulikuwa ukifungwa kwa wakulima wapya.

Soko hilohilo liliamua aina ya chai. Chai ya kijani, oolong na chai nyeusi hutoka katika mmea mmoja: ya kwanza hupashwa moto mapema ili jani lisichachuke, ya pili huachwa ichachuke nusu, na ya tatu huchachuka kabisa. Viwanda vya Tanganyika vilitengeneza chai nyeusi kwa sababu ndiyo iliyotakiwa na wanunuzi wa London, na baadaye na mnada uliohamia Mombasa mwaka 1969. Mnywaji wa Moshi alirithi ladha iliyochaguliwa kwa ajili ya wengine.

Mchaichai, kwa upande wake, haukuwa na bodi, mnada wala ushuru. Kwa sababu hiyo haukufunguliwa jalada. Nao si wa kale mlimani, kwani asili yake ni Asia. Lakini ukimya wa nyaraka si ushahidi kwamba haukuwa na thamani. Nyaraka za kikoloni zilihesabu kilichoteremka kwa reli. Kilichochemshwa jikoni, mara nyingi kwa mikono ya wanawake, hakikuhesabiwa. Mtafiti anayetegemea majalada ya ushirika pekee ataijua kahawa iliyouzwa, wala hatajua watu walioilima walikunywa nini.